Hakusema Mahari, Alisema Mahali

Nina miaka thelathini na sita. Naishi Bwaise, Kampala, pamoja na mama yangu mzazi, katika vyumba viwili ambavyo mvua kubwa ikinyesha tunapandisha kila kitu juu ya kitanda, kompyuta yangu ikiwa ya kwanza. Sina mume, sina duka, sina kibanda cha simu. Kazi yangu ni kutunga hadithi.

Nasikia mnacheka... Chekeni tu, nimezoea! Hata wenzangu wa kanisani huniuliza, "Kale, sawa, Loza, hiyo ya hadithi tumeelewa, lakini kazi unafanya gani?" Kama kuwaliza watu ambao hujawahi kukutana nao si kazi, basi na anayekaanga chapati barabarani amekaa bure.

Ninayowaletea leo sikuyatunga. Yamenipata mimi mwenyewe, na ninayaandika bila aibu yoyote. Walionicheka wamecheka mpaka mbavu zimewauma, na mimi bado nipo hapa naandika.

Kwanza niwaeleze ninavyofanya kazi, ili mjue nilichoibiwa.

Asubuhi naenda Kisenyi, kwenye hoteli ndogo ya chai ya mama mmoja Msomali anayeitwa Hodan. Meza ya nyuma, karibu na soketi, ni yangu. Naagiza chai ya maziwa, nafungua kompyuta, halafu nasikiliza. Ndiyo, nasikiliza! Kisenyi watu hawanong'oni. Makanika anagombana na mwenye gari, mfanyabiashara wa kutoka Goma anabembeleza bei ya vitenge, askari aliyestaafu anamfokea mhudumu kana kwamba bado yuko kwenye gwaride. Kila mmoja ana Kiswahili chake, na mimi sikisafishi hata kidogo.

Sentensi siiandiki mpaka nimeisema kwa mdomo wa mtu mwenyewe. Naisema polepole, naigeuza, naisema tena... Wateja wageni humwuliza Hodan kama yule dada wa nyuma anasoma dua au amechanganyikiwa. Hodan huwajibu, "Mwacheni, yuko na watu wake."

Jioni namsomea mama. Huo ndio mtihani. Akisikiliza halafu akasema "Mm," nafuta yote bila kubishana. Lakini akiacha mboga anayochambua, akainua uso na kuuliza "Halafu?", hapo najua sehemu imeiva. Sijawahi kuwa na mhariri mwingine na simtaki.

Sasa tatizo langu ni ulimi. Mama ni Muganda, mimi nimekulia Kampala, na huku kwetu L na R ni mtu mmoja mwenye mashati mawili. Kweli inakuwa "kweri." Habari inakuwa "habali." Barabara ndiyo usiseme... "balabala"! Nikiandika sikosei hata mara moja, kwa sababu macho yangu yamesoma. Mdomo wangu je? Mdomo ni wa mama! Na nikiogopa au nikikasirika ndiyo kabisa.

Hadithi zangu zilipoanza kuzunguka kwenye simu, wasomaji waliomba wazisikie. Nikajirekodi. Ilikuwa hadithi ya uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa, na mimi kwa raha zangu nikasoma kwamba wananchi walitoka alfajiri kwenda "kupiga kula."

Jamani! Watu wa Nairobi na Dar es Salaam walinicheka mpaka wakanitengenezea picha za sahani. Mmoja akauliza chakula kilikosa nini mpaka kikapigwa. Nilifuta ile rekodi, nikajifunika blanketi mchana kweupe, nikalia. Nikaapa kwamba sauti yangu haitasikika tena na mtu asiyeishi Bwaise.

Hapo ndipo alipoingia Rukia.

Rukia alikuwa rafiki yangu tangu utotoni. Baba zetu wote wawili walikuwa polisi, na tulikulia kambi moja, ndani ya unipoti, vile vijumba vya bati vya duara ambavyo jua likiwaka unaiva humo kama muhogo. Tulikula sahani moja. Tulichapwa pamoja. Akiwa msichana mdogo alipelekwa Mombasa kwa shangazi yake kusoma, na aliporudi alirudi na Kiswahili cha Pwani mdomoni, laini, kila herufi imekaa kwenye kiti chake. Nilikuwa naweza kumsikiliza akisoma hata bei za nyanya.

Akaniambia, "Loza shoga yangu, wewe tunga, mimi nitasoma. Nani atakucheka tena?" Nilimkumbatia. Ningefanya nini kingine?

Mwanzoni kila hadithi ilianza hivi: imetungwa na Rosa, inasomwa na Rukia. Rosa ni jina langu la shule. Mama ndiye aniitaye Loza, na mtaa mzima umemfuata. Baadaye akawa anasema tu, "Hadithi za Rukia." Nilipouliza, akacheka na kuniambia ni kufupisha tu, mpenzi, wasikilizaji hawapendi maneno mengi mwanzoni. Watu wakaanza kumwandikia yeye. Dada Rukia umeniliza, Dada Rukia Mungu akutunzie mkono wako... Mkono! Mkono wa nani?

Nilijiambia yote ni sawa, mradi hadithi zinasikika. Wasomaji wenzangu, muogopeni mtu anayekufanya ushukuru kwa kufichwa.

Sasa niwaambie habari ya mama, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini mambo yaliharibika.

Baba yangu alikuwa mtu wa Arua, Mlugbara, na mama Muganda. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo nyumbani kwetu kilikuwa Kiswahili asubuhi hadi jioni, kile cha kambini. Baba alikwenda kwa wazazi wa mama, akatoa ng'ombe wa mahari kama inavyotakiwa, na mdogo wake alikuwa pamoja naye, amevaa kanzu ya kuazima, akala na kunywa mpaka akaimba. Mama husema huyo baba mdogo ndiye aliyeimba kwa sauti kuliko wote.

Nilipokuwa na miaka tisa baba akafariki. Mjane wa polisi hakai kambini. Tulipewa muda mfupi tutoke. Lakini baba alikuwa amejenga nyumba ya matofali kwao, na mama alitegemea tutaishi humo. Tukaenda kuzika. Baada ya mazishi wazee wa ukoo wakakaa, wakamwita mama, wakamwuliza anataka nini.

Mama alikuwa amepiga magoti, mimi nimeshika gomesi yake, lile gauni refu la Kiganda. Alilia tangu jana yake na sauti ilikuwa imebaki kidogo tu. Akajibu kwa Kiswahili, lugha pekee waliyoijua wote, wazee kidogo tu, "Wazee wangu, mimi sina mahali."

Baba mdogo akageukia wazee na kuwatafsiria. Alijua vizuri Waganda wanavyochanganya R na L, na wazee wale pia walijua. Akawaambia: mmesikia wenyewe? Baganda wakitaka kusema mahari wanasema mahali. Amekiri kwa mdomo wake kwamba hana mahari. Huyu hakuolewa, aliishi tu na marehemu!

Mama alikataa, alipiga kelele, alimtaja yeye mwenyewe kama shahidi. Nani alimsikiliza? Kila alivyorudia "sikusema mahali, nilisema mahali," walizidi kutikisa vichwa. Neno lilikuwa limeshageuzwa. Tulirudi Kampala na kitanda cha baba tu, na nyumba ile ya matofali akaingia baba mdogo na watoto wake. Yumo mpaka leo.

Nimetunga hadithi nyingi za watu wengine, lakini hiyo niliiogopa miaka mingi. Siku niliyopata moyo nilimwomba mama ruhusa. Alikuwa anachambua mchele. Hakuniangalia, alisema tu, "Andika. Lakini useme vire nirisema."

Andika, lakini useme vile nilisema. Hilo tu ndilo aliloniomba, wasomaji. Hakuomba kitu kingine.

Niliiandika kwa msimu mzima wa mvua. Niliandika kwa midomo ya wale wazee, kwa mdomo wa baba mdogo, nikatapika kweli nikiwa kwa Hodan siku niliyomwandika akitafsiri. Sehemu ya kikao niliiandika upya mara nyingi, kwa sababu yote ilisimama juu ya herufi moja. Msikilizaji lazima asikie mjane akisema mahali, kwa masikio yake mwenyewe, kisha amwone yule mtu akiligeuza neno. Asiposikia, hakuna hadithi.

Kwa mara ya kwanza sikumsomea mama. Nilitaka aisikie imekamilika, kwa ile sauti nzuri, pamoja na majirani. Nilitaka aketi kwenye kigoda chake aone watu wakimlilia bila kujua kwamba ni yeye.

Nikampa Rukia. Nikamwambia, safisha unachotaka, hata majina badilisha, ila kwenye kikao usiguse kitu. Mama anasema mahali, kwa L. Rukia akaniambia, "Nimekuelewa, Loza. Kwani mimi ni mgeni kwenu?"

Kumbe wakati huohuo alikuwa amekwishapatana na kampuni moja ya nje inayouza hadithi za kusikiliza. Sikuambiwa. Nilijua siku ilipotoka, mtangazaji aliposema: mtunzi na msomaji, Rukia. Mtunzi! Nilitaka kupiga kelele palepale. Lakini majirani walikuwa wamekaa tayari, mama amekaa, Mama Swabra wa mlango wa pili ameweka simu yake kwenye spika... Nikameza. Nikajiambia, acha kwanza mama asikie.

Walisikiliza jioni baada ya jioni. Nilimwona mama anavyoacha sufuria. Kila sehemu ikiisha alikuwa ananitazama na kunong'ona, "Halafu?" Mnajua furaha ya mtu anayeulizwa hivyo na mwenye hadithi yake mwenyewe?

Ikafika sehemu ya kikao.

Sauti tamu ya Rukia ikasoma: "Mjane akapiga magoti, akasema, Wazee wangu, mimi sina mahari."

Mahari. Kwa R safi ya Pwani, inayosikika mpaka mtaa wa pili. Na maneno ya baba mdogo ya kugeuza yote yalikuwa yamekatwa, maana hayakuwa na kazi tena. Kilichobaki ni mwanamke aliyekiri mwenyewe, na shemeji mwema aliyesikitika lakini afanye nini, mila ni mila!

Mama Swabra akajipiga kofi la paja. "Lakini na huyu mwanamke naye! Unakaaje na mwanaume bila mahari, halafu unataka nyumba?" Majirani wakaitikia.

Mama akainuka. Akaweka ungo chini polepole, akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtu. Akasema, "Kumbe na wewe umeniuza." Akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hakuzungumza na mimi. Alipika, alinipakulia, lakini akitaka kuniita nile alikuwa anatoka mlangoni na kusema, "Mama Swabra, mwambie huyo chakula kipo." Na mimi nimekaa hapohapo miguuni pake! Nilijaribu kumweleza kwamba ni Rukia. Aliongeza redio sauti. Angeaminije? Miaka yote aliambiwa kwamba alisema kitu ambacho hakusema, na sasa kimetoka kwenye hadithi ya mwanawe.

Ningekuwa na mume akaniacha, ningepata hadithi nyingine. Lakini mama akiamini kwamba nimemgeuza kama wale waliomgeuza, mimi ningeandika nini tena? Kwa ajili ya nani?

Nilimpigia Rukia. Hakukana kitu! Aliniambia wasikilizaji wa Mombasa na Dar wangesema hajui Kiswahili. Watu wanazungumza habari ya mahari, mama anajibu mahali, nani ataelewa? "Nimekusaidia, mpenzi. Nimekusahihishia."

Nikamwambia, hilo ndilo neno lenyewe, hadithi ni hilo! Akashusha pumzi kama mtu anayeongea na mtoto. Akaniambia nisijali, hadithi inapendwa, na akipata nafasi atanitaja.

Atanitaja! Mimi! Kwenye kifo cha baba yangu!

Wiki hiyo hiyo nikasikia amealikwa kwenye mgahawa mmoja Kansanga, Jumamosi mchana, asome mbele ya mashabiki na kujibu maswali. Nikavaa gauni langu la harusi za watu, nikaenda. Sikwenda kuomba kutajwa. Nilikwenda kulirudisha neno la mama mahali pake, mbele ya watu, ili nirudi nyumbani nimwambie nimelisema.

Ukumbi ulijaa. Rukia alipendeza, siwezi kusema uongo. Akasoma sehemu ya kikao, wanawake wakatoa leso. Kisha dada mmoja akauliza yule mjane alimtoa wapi. Rukia akatabasamu. "Nilimtunga tu. Wako wengi, wanawake wasiojijua, wanaishi na wanaume bila mahari, mwishowe wanalia."

Nikasimama. Sikumbuki niliinukaje.

Nikasema hiyo hadithi ni yangu, na huyo mjane hakutungwa, yuko Bwaise anachambua mboga. Watu wakageuka. Rukia, kwa ile sauti ya asali, akasema, "Jamani, huyu ni rafiki yangu wa utotoni. Alikuwa ananisaidia kuchapa."

Kuchapa!

Damu ikanipanda kichwani. Nikanyoosha kidole, nikafungua mdomo kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele mbele ya simu zote zilizokuwa zimeinuliwa:

"Mama yangu hakusema mahali! Alisema mahali!"

Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko...

Nikajaribu tena, nikazidi kuharibu. "Si mahali! Mahali!" Ulimi umekuwa ubao. Mtu akapaza sauti, "Huyo ndiye mtunzi? Mwalimu wa Kiswahili huyo!" Wakacheka mpaka wengine wanafuta machozi kwa zile leso walizomlilia mama yangu. Rukia aliinamisha kichwa kana kwamba ananionea huruma. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote.

Nilitoka kwa miguu yangu. Sikulia. Nawaambia kweli, hasira ilikuwa kubwa mno, machozi hayakupata njia.

Kabla sijafika nyumbani video ilikuwa imenitangulia. "Hakusema mahali, alisema mahali" ikawa wimbo wa mjini. Kesho yake bodaboda wa hapa kwenye kona wakanipokea: "Loza, nikupeleke mahali ama mahali?" Nikawajibu, "Nipeleke kote kuwili, pumbavu wewe!" Wakafa kwa kucheka, na sijui kwa nini, nami nikacheka. Nilikwenda kwa Hodan, nikakaa mezani pangu, nikafungua kompyuta. Walidhani nitajificha? Blanketi nilishajifunika mara moja, lilinifaa nini?

Niliporudi jioni nilimkuta Mama Swabra ameingia kwetu, simu mkononi, anajibana asicheke. Alikuwa anamwonyesha mama. Nikasimama mlangoni. Sasa, nikawaza, na hili tena. Ataona nimemwaibisha mara ya pili, mbele ya dunia.

Mama akaitazama ile video mpaka mwisho. Akasema, "Rudisha." Mama Swabra akarudisha. Nikajisikia tena nikipiga kelele pale Kansanga, mahali, mahali, na kile kicheko.

Mama akaanza kutikisika mabega. Nikafikiri analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka, machozi yakamtoka tele, akayaacha yashuke.

"Banange, Loza!" akasema. Akasema na mimi! "Hawa watu masikio yao yana nini? Si umesema vizuri kabisa?"

Mama Swabra akamwambia lakini maneno yote mawili ni yaleyale. Mama akamkata jicho.

"Yaleyale wapi? Ya kwanza amesema ire ya ng'ombe. Ya piri amesema yangu." Akanigeukia. "Nimekusikia, mwanangu. Umesema vire nirisema."

Wasomaji, hapo ndipo nilipolia. Nilianguka kwenye mapaja yake na miaka yangu thelathini na sita, nikalia kama siku tulipotoka kambini. Ukumbi mzima haukusikia tofauti. Mtu mmoja tu ndiye aliyesikia, na huyo ndiye niliyekuwa namsemea.

Mama Swabra alisimama na simu yake, mdomo wazi, akituangalia mmoja mmoja. Alipoelewa yule mjane ni nani alijipiga kifuani, akapiga magoti kumwomba mama msamaha kwa yale maneno ya siku ile. Mama akamwambia ainuke, aache kuchafua gomesi.

Wiki iliyofuata nilirekodi hadithi yote upya. Kwa sauti yangu! Na "kweri" zangu, na "habali" zangu, na "balabala" yangu yote, sikuficha hata moja. Tulifunga mlango, majirani wakanyamazisha watoto, na tulipofika kwenye kikao nilimpa mama simu aseme sentensi yake mwenyewe. Akakaa sawasawa kwenye kigoda. Akasema, "Wazee wangu, mimi sina mahali," kwa sauti ndogo ileile niliyoisikia nikiwa nimeshika nguo yake. Halafu nikasoma alivyotafsiri baba mdogo, neno kwa neno, yote yaliyokatwa.

Nilipomaliza sehemu nikanyamaza ili nizime. Kwenye rekodi mnamsikia mama anauliza, "Halafu?" Sikuifuta.

Msidhani mambo yamekaa vizuri. Rukia bado anaitwa mtunzi, kampuni bado inauza ile yake yenye R, na kila nikitoa sehemu mpya wapo wanaoniandikia nikajifunze Kiswahili kwanza. Lakini binti wa baba mdogo alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Arua. Anasema ile ya Rukia walikuwa wanaipiga uani kwa sauti kubwa, na mzee alikuwa anaisifu, anasema huyo mtunzi ana akili. Ilipokuja yangu, ikafika sauti ya mama, mzee aliinuka kutoka kwenye kiti na kuamuru simu izimwe. Tangu hapo hataki kusikia hadithi nyumbani mwake.

Kama kweli alisikia mahari siku ile ya kikao, angezima ya nini? Nyumba hajarudisha, na sijui kama atarudisha. Lakini sasa anaishi humo akijua kwamba tunajua.

Nawasihi, ndugu zangu, hasa nyinyi mnaotunga, mnaoimba, mnaosema: msimkopeshe mtu mdomo wenu kwa sababu ya aibu. Wakikucheka unavyosema, sema tena. Usimpe mwenye sauti nzuri akusemee, kwa kuwa siku ukihitaji neno lako moja tu, utakuta ameshalisahihisha. Mimi nililipa kwa kimya cha mama yangu, na singependa mwingine apitie njia hiyo.

Na kila hadithi yangu sasa inaanza na sauti hii yangu mbovu, ikisema imetungwa na kusomwa na Loza wa Bwaise. Rosa ni wa shule. Mimi ni Loza, kwa L, kama mama alivyoniita, na anayetaka kunisahihisha ajue hapa nilipo ndipo mahali pangu.